Baiskeli Iliyoombewa

Jumamosi, tarehe 3 Agosti 2024. Mvua ilikuwa imenyesha Malaba usiku kucha ikakatika kabla ya jua, kwa hiyo asubuhi hiyo vumbi la malori lilikuwa limelala na baridi ilikuwa ya kuvaa sweta. Upande wa Amukura mlima ulikuwa umejifunika ukungu mpaka miguuni.

Nilikuwa nimeitwa na Ndugu Phanuel kuja kuchagua baiskeli.

Sikuwa mgeni wa baiskeli. Kabla ya pikipiki kutunyang'anya abiria, nilikuwa mmoja wa vijana wa Busia waliovusha watu mpakani kwa baiskeli za Black Mamba, mama mzima na gunia lake la samaki wa omena nyuma yangu. Baadaye nilirudi nyumbani Amukura kulima mihogo na mtama. Huko ndiko nilikoanza mchezo ambao mke wangu Akurut anauita wazimu wa uzeeni: kupanda mlima na baiskeli begani, halafu kuteremka nayo kwenye njia za mbuzi, juu ya mizizi na mawe. Tulikuwa kikundi kidogo. Wengi waliacha baada ya kuanguka. Wa kutegemewa tulibaki wawili, mimi na Sydney, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye ni mdogo wa mke wa Phanuel.

Mwezi wa tisa tungeshindana, mimi na Sydney, kila mtu ashuke peke yake akipimwa kwa saa kutoka kileleni hadi uwanja wa shule. Atakayeshuka haraka zaidi ndiye kikundi kingemtuma Desemba kwenye mashindano makubwa ya Mlima Elgon. Nafasi ilikuwa moja. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa na nilijua sitapata nyingine. Niliitaka kiasi kwamba niliiweka katika sala zangu za asubuhi, kati ya afya ya watoto na mvua, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, mbele ya mvua.

Baiskeli zenyewe zilikuwa zawadi. Ng'ambo, upande wa Uganda, kambi moja ya watalii wa baiskeli ilikuwa inafungwa. Fundi wake, Eriaku, tuliyejuana naye kwenye mashindano ya Tororo, alituombea mbili kwa mwenye kambi akazituma kwa lori. Phanuel ni wakala wa kutoa mizigo forodhani, na alizivusha kwa hisani yake.

Lazima niseme Phanuel ni nani kwangu. Kwao ni Sigalame, lakini ameoa kwetu, na katika jumuiya yetu ndogo ndiye anayeongoza sala. Nilipokuwa naona aibu kuanza darasa la jioni la watu wazima, yeye ndiye aliyenisindikiza mpaka mlangoni, akaingia, akakaa dawati la nyuma somo zima ili nisitoroke. Babangu alipofariki, Phanuel alilala matangani kwetu mpaka wageni wote wakaondoka. Ninaandika haya ili ieleweke kwamba sikumwamini kwa upumbavu.

Alikuwa ameziegemeza baiskeli ukutani nyuma ya ofisi yake. Sydney alikuwa tayari amezizunguka mara kadhaa.

"Wewe ndiye mkubwa," Phanuel akaniambia. "Chagua kwanza. Sydney atachukua itakayobaki."

"Yaani mimi ni wa makombo?" Sydney akacheka. "Sawa tu, mzee. Lakini usikae hapo mpaka saa saba kama mtu anachagua bibi."

"Bibi nilichagua kwa dakika moja."

"Ndiyo maana anakupigia kelele mpaka leo."

Akaenda zake kutafuta chai na mandazi. Nikabaki na Phanuel.

Baiskeli ya kwanza ilikuwa nyekundu, safi, nyepesi, kama imetoka dukani. Ya pili ilikuwa ya kijivu, rangi imekwaruzwa, ndefu, gurudumu la mbele limetupwa mbali, na uma unaoshika gurudumu hilo una miguu minene kama ya pikipiki.

Sisi watu wa boda, wabeba abiria, tulikuwa na njia moja ya kupima baiskeli kuukuu. Unaweka viganja juu ya kiti, unalaza kifua, unasukuma chini. Ikikaa imara, bado ina nguvu. Ikizama, springi zake zimemalizwa na mizigo, na siku moja itakumwaga barabarani wewe na abiria wako. Nikaisukuma nyekundu. Ilizama kidogo ikasimama. Nikaisukuma ya kijivu. Ilizama, ikaendelea kuzama, halafu ikapanda polepole ikihema kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili.

"Hii imechoka," nikasema.

Phanuel alikuwa ananitazama. Nakumbuka alifungua mdomo, akaufunga, akageuka kutazama foleni ya malori. Kisha akanishika bega.

"Ndugu Odeke, wacha nikuambie kitu. Jana kabla ya kulala nimeziombea hizi baiskeli. Nikakuombea wewe kwa jina. Na nimeonyeshwa ile nyekundu."

"Umeonyeshwa?"

"Nyekundu, ndugu. Nimeiona ikishuka, na wewe juu yake."

Katika jumuiya yetu kitu kipya hakitumiki kabla ya kuombewa. Pikipiki, ng'ombe wa maziwa, hata simu. Na mtu akisema ameonyeshwa, hatumwulizi mara ya pili, kwa sababu kumwuliza ni kama kumpima Mungu. Nikavua kofia. Phanuel akaweka mkono juu ya usukani wa ile nyekundu, akafumba macho, akaomba maneno mazuri mpaka dereva mmoja wa lori aliyekuwa akipiga mswaki karibu nasi akaitikia amina na povu mdomoni.

Jioni hiyo nilimpigia Eriaku simu kumshukuru.

"Umeipenda?" akauliza.

"Nimeipenda sana."

"Basi ukishuka lala nyuma, uiamini, ssebo. Hiyo inameza mawe."

Hakuna kati yetu aliyetaja rangi.

Kuna mahali kwenye mlima wetu tunapaita Ngazi. Ni mawe makubwa yaliyopangana kushuka, kila moja likifika kiunoni mwa mtu, na chini yake mwamba mtupu ulioinama. Ukishaanza huna pa kusimama. Kwa baiskeli yangu ya zamani sikuwahi kupathubutu, nilikuwa naibeba. Kwa nyekundu nilithubutu, kwa sababu ilikuwa imeonwa ikishuka.

Gurudumu la mbele lilipotua kwenye jiwe la pili, springi za mbele zilifika mwisho zikagonga chuma kwa chuma, kiti kikanipiga nyuma, nikaruka juu ya usukani. Wiki iliyofuata ikawa vile vile, na mara hiyo nilitua na bega la kushoto. Nikiwa nimelala pale nikitema mchanga, Sydney alipita kando yangu na ile iliyochoka. Nilimtazama. Ilizama kila jiwe na kupanda kila jiwe, na yeye juu yake alikuwa ametulia kama mtu aliyekaa kanisani.

"Mzee!" akapiga kelele kutoka chini. "Hii kitu ni sofa!"

Nilijiambia ni ujana.

Akurut alinikanda bega kwa maji ya moto na chumvi. "Kwani Mungu alikwambia uchague baiskeli ama jeneza?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Huyo Phanuel wako aone tena, aone ile ingine."

Nilimkasirikia. Nilimwambia mambo ya rohoni hayabishaniwi jikoni. Siku iliyofuata nilikwenda kwa Phanuel. Aliniwekea mkono juu ya bega lile lile lililovimba.

"Unaogopa ukifika pale?"

"Naogopa. Nikifika jiwe la kwanza mikono inakufa."

"Basi si baiskeli, ndugu. Ni roho ya woga. Macho yako yako kwa mawe. Tufunge, mimi na wewe."

Nikafunga. Nilifunga nikipalilia mihogo kwa mkono mmoja. Nilikwenda darasa la jioni tumbo likinguruma mpaka mwalimu akauliza ni nani ameingiza pikipiki darasani. Jumapili nilisimama mbele ya jumuiya nikauungama woga wangu kama dhambi, wakanizunguka, wakaniombea kwa sauti, na sauti ya Phanuel ilikuwa juu ya zote. Kisha nikapanda mlima nikaanguka tena.

Siku ya mashindano, Jumamosi ya katikati ya Septemba, jumuiya karibu yote ilipanda mpaka kileleni. Kina mama walikuja na chupa za chai. Mzee Aluka, mwenyekiti wetu, alikuja na fimbo yake na kiti cha plastiki ambacho wajukuu walimbebea. Sydney alikuwa anapashapasha misuli. Na kutoka ng'ambo alikuja Eriaku, mtu mfupi mwenye begi la vifaa mgongoni, kuja kuona zawadi zake zinavyotumika.

"Yoga noi," akanisalimu kwa Kiteso, akinipa mkono. Halafu akatazama nilichoshika. "Hiyo ni ya nani?"

"Yangu."

"Hapana. Yako ni ile." Akaonyesha kwa kidevu ile ya kijivu aliyoishika Sydney.

Nikacheka. "Ile ni ya Sydney. Mimi nilichagua hii."

"Ulichagua vipi? Ile nimeitengeneza kwa ajili yako. Springi zake ni za upepo, nimezijaza kwa kilo zako. Kiti nilipandisha kwa hiyo miguu yako ya korongo." Akamgeukia Sydney. "Wewe hukuona kiti kiko juu? Hukuiona ngumu kidogo?"

"Kiti nilishusha," Sydney akasema. "Ugumu nikadhani ni kwa sababu sijaizoea."

"Lakini nilimwambia Phanuel," Eriaku akasema, na sasa alikuwa haangalii baiskeli bali uso wangu. "Lori lilipofika Malaba nilimpigia. Nikamwambia, mwambie Odeke kijivu ni yake. Ndiyo ya mteremko mkali. Springi zake zinashuka sentimita kumi na saba, breki zake ni kubwa, gurudumu la mbele limewekwa mbali ili lisikupindue. Nyekundu ni ya kupanda na njia za kawaida. Springi zake ni fupi. Kwa mawe kama haya inakutupa mbele." Akautazama mteremko. "Banange. Umekuwa ukishuka pale na hiyo?"

Nikageuka. Phanuel alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, akisubiri kuitwa kufungua kwa sala. Alikuwa amesikia.

"Ndugu Phanuel," nikasema. "Alikuambia?"

"Wewe mwenyewe ulisema imechoka. Kwa mdomo wako. Mimi sikukuchagulia."

"Ulisema umeonyeshwa."

"Odeke, watu wanasikia."

"Wasikie. Nauliza kitu kimoja tu. Usiku ule uliomba?"

Alitazama chini. Akajaribu njia nyingine, kwa sauti ya chini, ile sauti aliyonizoeza kuiamini. "Wewe una nyumba, una shamba, una watoto. Sydney hana kitu. Dadake ananililia kila siku nimfungulie mlango. Nilikuwa nikuambie, kweli nilikuwa nikuambie, halafu nikakuona wewe mwenyewe unaikataa ile baiskeli. Nikasema labda..."

"Uliomba?"

"Sikuomba."

Mama mmoja nyuma yangu alishusha kikombe chake chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Baiskeli peke yake ningeweza kuimeza pale pale. Mtu kumpendelea shemeji yake ni jambo la kila siku huku kwetu, hata mimi nimewahi kuwa na mashemeji. Lakini nilikumbuka kufunga kwangu. Nilikumbuka magoti yangu kando ya kitanda, nikimsihi Mungu aniondolee woga, na Mungu ambaye hakuwa ameulizwa chochote kuhusu baiskeli ananisikiliza. Woga ule haukuwa roho mbaya. Ulikuwa mwili wangu unaniambia ukweli kuhusu ile nyekundu, na mimi niliupeleka mbele ya jumuiya nikautubu, kwa sababu yeye alijua ukweli huo akaupa jina la shetani. Na alikuwa ameweka mkono wake juu ya bega langu akilisema.

Sydney alinisogezea ile baiskeli. Uso ulikuwa umemwiva. "Mzee, chukua. Haki ya Mungu, mimi sikujua. Mimi nitashuka na hiyo yako."

"Hutashuka Ngazi na hii," nikamwambia. "Sitakufanyia nilichofanyiwa."

Ni Eriaku aliyeamua. Alisema tunashuka mmoja mmoja kwa saa, hakuna kinachozuia baiskeli moja kushuka mara mbili. Akapunguza upepo kwa uzito wa Sydney, akamwambia aende. Sydney akaenda. Watu wakateremka kutusubiri uwanjani, vijana wakaipandisha baiskeli kwa njia ya nyuma, jasho likiwatoka, na Eriaku akatoa pampu yake ndogo, akajaza upepo wangu, akapandisha kiti changu. Hakuna aliyefungua kwa sala. Mimi niliomba peke yangu, ndani ya helmeti, na sikuomba ushindi. Niliomba tu nisishuke nikiwa na hasira.

Ngazi ikaja. Nililala nyuma kama nilivyoambiwa. Jiwe la kwanza, baiskeli ikazama, ikaendelea kuzama, kama asubuhi ile ya Malaba chini ya viganja vyangu, halafu ikapanda ikihema. Jiwe la pili. La tatu. Kila kilichokuwa kikinitupa sasa kilimezwa chini yangu. Nikajikuta upande wa pili wa mwamba, miguu yote miwili juu ya pedali, na machozi yakanitoka ndani ya helmeti kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Wiki zote zile, ilikuwa rahisi hivyo.

Lakini chini ya Ngazi kuna kona nyingi kati ya vichaka vya miiba, na pale ugeni wangu ulionekana. Breki zile sikuzijua, nilizibana mno. Bega la kushoto lilikataa kuvuta usukani. Kwenye kona ya mwisho nilitoka nje ya njia mpaka kwenye mtama wa watu, nikarudi. Nilipovuka mstari uwanjani niliona kwa nyuso za watu kabla sijaambiwa.

Sydney alinishinda. Hakunipita kwa sekunde nyingi, na hakuiba. Alikuwa na wiki zote zile juu ya baiskeli ile, mimi nilikuwa na asubuhi moja. Saa haimwulizi mtu kama alidanganywa.

Alinikumbatia. Eriaku alipofika chini aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akalitazama likizunguka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kina mama walikuwa wamekwisha kupakua chakula chini ya kivuli cha darasa. Mzee Aluka aligonga fimbo chini tukakaa. Huku kwetu jambo halilazwi. Likitokea asubuhi, watu hupenda limalizwe kabla ya sahani kuondolewa, ili Jumapili waumini wakutane macho kwa macho.

"Tumesikia yote," mzee akasema. "Phanuel, simama, omba msamaha. Odeke, wewe useme umemsamehe. Tumshukuru Mungu, tule. Ugali unapoa."

Phanuel alisimama. Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa leso. "Nimekosa," akasema. "Ndugu Odeke, nimekosa mbele yako na mbele ya Mungu. Naomba unisamehe."

Naamini alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa gumu: lilikuwa limetoka kwa sauti ile ile.

Watu wote wakanigeukia. "Sema tu, Baba Terry," mama mmoja akaninong'oneza. "Ni neno moja."

Ni kweli, lilikuwa neno moja. Nimelisema mara nyingi maishani, kwa majirani, kwa ndugu, wakati mwingine nikiwa bado nimekunja ngumi mfukoni, na watu wakapiga makofi tukala. Mdomo wangu ulilijua. Nilimtazama Akurut. Hakunipa ishara yoyote. Alinisogezea tu nafasi ya kusimama.

Nikasimama.

"Sydney," nikasema, "Desemba nitakupeleka Mlima Elgon mimi mwenyewe, na pale pa kubeba baiskeli nitaibeba kwa bega langu lililo zima. Hilo ni rahisi, kwa sababu wewe hukunikosea.

"Phanuel. Ulichukua sala ukanidanganya nayo. Mimi sitachukua msamaha nikudanganye nao. Leo sina. Nitauomba kila asubuhi, na nitauomba kweli. Na naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mzee Aluka, mbele ya mke wangu na nyinyi nyote mliokaa hapa: siku nitakayosimama mlangoni kwako nikakuambia nimekusamehe, neno hilo litakuwa la kweli. Kabla ya siku hiyo hutalisikia kutoka kinywani mwangu."